Wasindikizaji wa Alhamisi

Bethuel Nyakundi hakuwa mlevi. Hilo aliwaambia wote waliomuuliza, na wengine ambao hawakumuuliza. Alikuwa mtu wa kupoza koo baada ya kazi, basi, na kama kazi ya kutunza wazee ni ngumu na koo la Bethuel lilikuwa halipoi upesi, kosa ni la nani? Mke wake Moraa, muuguzi asiyependa maneno mengi, alikuwa na jibu la swali hilo, ila alikuwa amechoka kulitoa.

Lililomfikisha pabaya ni ile siku wakwe walipokuja Ladywood, mtaa wao pale Birmingham, Uingereza. Kerubo, binti yao wa pekee, alikuwa amepata mchumba, Ngugi, kijana mpole wa mambo ya kompyuta, na wazazi wa Ngugi wakaja kutoka Kenya, wakapanda lifti hadi kwenye fleti ya akina Nyakundi kujitambulisha. Bethuel alikuwa amejiandaa kwa siku hiyo majuma mengi, na tangu asubuhi alikuwa akijiandaa zaidi, kidogo kidogo, nyuma ya mlango wa friji. Wageni walipoketi alisimama akamkaribisha baba yake Ngugi kwa maneno mazuri sana. Chakula kilipoletwa akasimama akamkaribisha tena. Sahani zilipoondolewa akamwona yule mzee kama ndiyo kwanza anaingia, akafurahi kweli kweli, akamkaribisha upya, akamuuliza kama safari ilikuwa njema na kama amekuja peke yake. Mama yake Ngugi alikuwa ameketi pale pale, anafuta mikono.

Wageni walicheka, kwa kuwa walikuwa watu wenye adabu. Kerubo hakucheka. Alizaliwa Birmingham huyu. Kiswahili anakisikia chote, hata kile cha kusengenya, lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza. Jumamosi iliyofuata, walipotoka ibada ya Sabato, alimweka baba yake kando.

"Baba, I want you to walk me in," alisema. "But I want all of you there. If you can't, I'll ask Uncle Ronald." Yaani amwingize kanisani siku ya harusi, tena akiwa mzima, si nusu yake chupani.

Ronald ni ndugu mdogo wa Moraa. Hajawahi kuonja pombe, wala hajawahi kumaliza wiki bila kulitaja jambo hilo. Bethuel angeweza kuvumilia mengi duniani, lakini kuketi kwenye benchi amtazame Ronald akiingia kanisani na Kerubo mkononi, uso umenyooka kwa haki, hilo lilimkata maini. Akasema sawa, atakwenda kwenye kikundi.

Daktari alikuwa amemtajia siku nyingi. Watu wenye shida ya kunywa hukutana, huketi, husemezana, na eti husaidika. Ronald alisema hayo ni mambo ya Wazungu, dawa ni maombi. Moraa naye hakuwa na imani zaidi. "Walevi wakikaa pamoja watafundishana nini?" aliuliza huku akipiga pasi sare yake. "Kipofu anamwonyesha kipofu njia ya kwenda wapi?" Lakini siku ya kwenda ilipofika alimfungia chapati mbili kwenye karatasi, maana hata kipofu hafai kusafiri na njaa.

Kulikuwa na kikundi Ladywood, karibu na nyumbani, na kingine Sparkhill. Bethuel alichagua cha Great Barr, mabasi mawili. Ladywood kila lifti ina Mkenya ndani yake, na Sparkhill huwezi kununua nyama ya mbuzi pale Stratford Road bila kukutana na mtu anayejua shangazi yako. Ukionekana unaingia kwenye mlango usioeleweka, habari zitafika nyumbani kabla ya basi lako. Great Barr hakumjua hata paka.

Kikundi kilikutana Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara, chai kwenye vikombe vya karatasi. Chai yenyewe, maziwa yalikuwa yameipita juu juu tu kama mtu anayesalimia akiwa na haraka. Msimamizi, dada mmoja aitwaye Ushma, alieleza masharti: majina ya kwanza tu, na yanayosemwa humu yabaki humu. Kisha watu wakaanza kusimama. Mmoja mmoja alitaja jina lake, akasema mimi ni mlevi, akaeleza wiki ilivyokuwa mbaya, akaketi. Na wenzake wakamshukuru.

Bethuel aliona aibu kwa niaba yao. Kanisani kwao mtu husimama kutoa ushuhuda akiwa ametoka shimoni, amekwisha kunawa na kubadilisha shati. Nani husimama kusema bado nimo, nipungieni mkono? Zamu yake ilipofika aliamua kuwaonyesha Waingereza wale jinsi jambo hili linavyofanywa. Akaeleza giza alilokuwamo. Akaeleza machozi ya mke. Akashusha sauti, akaipandisha, akafika kwenye asubuhi ile njema alipomwaga chupa zote kwenye sinki, na tangu hapo, ndugu zangu, hata tone. Ulikuwa ushuhuda mzuri kweli, na ungekuwa mzuri zaidi kama ungekuwa umetokea. Mwishoni, kwa mazoea tu, akajikuta amesema, "Bwana asifiwe."

"Amina," ikajibu sauti kutoka upande wa dirishani.

Alikuwa mzee wa Kisingasinga, kilemba cha samawati, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, kikombe cha chai kimetulia gotini. "Amina, ndugu," alisema tena kwa Kiswahili. "Hadithi yako iko tamu sana. Sasa ambia mimi. Wewe nakunywa mwisho lini?"

Bethuel alitafuta mahali pa kuangalia, akakosa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa haijafika hata mlangoni.

"Kabla ya basi la pili," alisema polepole. "Moja tu, mzee. Ya kupata nguvu ya kuingia hapa."

Ushma akauliza amesema nini. Yule mzee hakupepesa jicho. "He says he will come back next Thursday," akatafsiri, na watu wote wakapiga makofi.

Baadaye, wakiosha vikombe, mzee alijitambulisha. Aliitwa Gurmit. Alizaliwa Kisii mjini, baba yake alikuwa na gereji ya malori pale, na walihama yeye akiwa kijana. "Bwairire," akamwambia Bethuel, na hiyo ndiyo salamu ya jioni ya kwao Bethuel hasa, ya Kigusii, ambayo hata Kerubo haijui. Mtu amepanda mabasi mawili kuwakimbia watu wa kwao, anakuja kushikwa na Mgusii mwenye kilemba. Bethuel alicheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini.

"Haya, mimi nasindikiza wewe mpaka stage," Gurmit alisema.

Bethuel alikataa kama adabu inavyotaka. Mzee alisisitiza kama adabu inavyotaka. Wakatoka. Kati ya ukumbi na kituo cha basi kulikuwa na baa, pale kwenye kona, mlango wake wazi na harufu yake barazani, na Bethuel alikuwa ameiona vizuri sana wakati wa kuja. Lakini Gurmit alikuwa anamuuliza kama mvua ya Kisii bado hunyesha kila alasiri, na kama ndizi bado zinauzwa kule chini sokoni, na katika kubishana juu ya lilipokuwa soko la zamani Bethuel alishtukia wamefika kituoni. Baa ilikuwa nyuma yao. Hakukumbuka kuipita.

Gurmit akaaga, akageuka kurudi. Hapo ndipo Bethuel alipoanza kufikiri. Kikundini mzee alikuwa ameeleza kwamba mkewe alifariki, kwamba nyumba ni kimya, na kwamba miguu yake bado haijausahau ule mlango wa kona. Nyumbani kwake ni kule nyuma ya ukumbi. Ina maana sasa anaipita baa peke yake, kwa ajili ya kumfikisha mgeni salama. Bethuel akamkimbilia.

"Mzee, umenisindikiza. Na mimi nikurudishe kidogo."

"Si lazima."

"Hapana, lazima."

Wakarudi wote hadi ukumbini, wakizungumza juu ya gereji. Walipofika Gurmit akasimama, akakuna ndevu. Mgeni wake sasa yuko upande mbaya wa baa. Haiwezekani. Akageuka naye, wakashuka tena. Kwetu ndivyo mgeni anavyoweza kuaga saa tisa na giza likaingia hajaondoka, na hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni tatizo mpaka siku hiyo. Basi likapita, halafu jingine. Waliokuwa wakinywa dirishani waliwaona mtu mweusi mnene na Singasinga mwembamba wakipita kwenda, wakipita kurudi, wamezama kwenye mazungumzo, na mara ya mwisho mmoja wao akawainulia glasi kwa heshima.

Ilibidi wapatane. Gurmit atamfikisha Bethuel kituoni. Kisha Bethuel atasimama pale, ampigie simu, wazungumze Gurmit akitembea, mpaka usikike ufunguo mlangoni. Basi litasubiri, na lisiposubiri litakuja lingine.

"Wamekufundisha nini?" Moraa aliuliza aliporudi.

"Kutembea," Bethuel alisema.

Moraa alimsogelea, akamnusa kama anavyonusa maziwa ya juzi, akapata ile moja ya basi la pili na si zaidi. Alimpakulia.

Wiki zikaenda. Bethuel hakugeuka malaika, tusidanganyane. Alikuwa mkali, alikuwa halali vizuri, alikunywa chai mpaka Moraa akaanza kuficha sukari. Lakini zile chupa za nyuma ya mlango wa friji zilikoma. Akina dada wa kanisani walimwona Moraa akicheka peke yake pale maegeshoni, wakashangaa. "Ni kikundi kinachomsaidia, ama ni Muhindi?" Moraa alimuuliza Kerubo kwenye simu. Kerubo alisema, "As long as it's something, Mum." Na kadi za ratiba ya harusi zilikuwa hazijachapishwa.

Halafu Gurmit akaenda Leicester kwa sherehe ya mjukuu.

Alhamisi hiyo Bethuel alikaa kikundini, akasikiliza, akasema kwamba mambo ni sawa, akaosha vikombe, akatoka peke yake. Hakuamua kuingia baa. Angekuwa ameamua, angesema. Miguu ilifika kwenye kona, mazungumzo hayakuwapo ya kuishika, ikageuka. Alipofika nyumbani Moraa hakuhitaji kumsogelea. Aliweka chakula mezani, akakifunika kwa sahani, akaenda chumbani akafunga mlango taratibu. Bethuel alitamani mkewe angepiga kelele. Alikaa na kile chakula kilichofunikwa, akajisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia akiwa amelewa au hajalewa.

Alhamisi iliyofuata alisimama katikati ya duara. Sauti haikupanda wala kushuka.

"Naitwa Bethuel," alisema kwa Kiingereza. "Mimi ni mlevi. Wiki iliyopita niliingia pale kwenye kona."

Akaketi. Haukuwa ushuhuda wa kumtoa mtu machozi. Kanisani wangedhani amesahau sehemu iliyobaki. Hakusema Bwana asifiwe. "Amina," Gurmit alisema hata hivyo.

Akatokea mama mmoja aliyekuwa akija kila wiki na kijimbwa chake cha manyoya. Huyu hakuwa msemaji. Alisema amewaona Bethuel na Gurmit wakisindikizana, kwa sababu yeye huwa yuko pale ndani, mezani karibu na dirisha. Kila Alhamisi, akitoka hapa kikundini. Mbwa mwenyewe ameshaizoea njia, ndiye anayemvuta. Aliwatazama kwa aibu, akauliza kama kusindikizwa ni kwa watu wa Kenya peke yao.

Gurmit akasema si kwa Kenya, ni kwa mgeni, na hapa wote ni wageni. Jioni hiyo walitoka wote. Ushma alisema jambo hilo halimo katika mwongozo wake wa kazi, kisha akachukua koti lake akawafuata. Walipita kwenye kona kundi zima, wakipiga gumzo kama watu wanaomtoa bibi harusi, kijimbwa kikivuta kuelekea mlangoni na mama akikivuta kuelekea njiani, na mama akashinda.

Basi, ukiniuliza mimi kama vikundi hivi vinasaidia, nitakwambia sijui vile viti vilifanya nini. Najua tu kwamba bila viti wale watu wasingejuana, na bila kujuana kila mmoja angefika kwenye kona yake peke yake.

Kadi zikafika wakati wa kuchapishwa. Ronald alikuwa amekwisha kununua suti, ya buluu, kwa tahadhari tu, alisema, na akaleta picha yake akiwa ameivaa ili familia ipate amani. Kerubo akapiga simu. Alitaka kujua kutoka kwa baba mwenyewe mambo yalivyo, kwa sababu jina moja lazima liandikwe.

Moraa alimnong'oneza Bethuel mezani. "Usimwambie ile ya juzi. Imepita. Kuteleza si kuanguka."

Bethuel aliichukua simu. Angeweza kutoa ule ushuhuda wa kwanza, na safari hii ungekaribia kuwa kweli. "Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita Kerubo tangu akiwa mchanga, kwa kuwa alirithi jina la mama yake Bethuel. "Niliteleza. Mzee Gurmit hakuwapo, nikaingia baa, nikanywa mpaka nikatosheka. Mamako alijua. Baada ya hapo sijanywa. Kesho sijui, lakini Alhamisi nitakwenda."

"Okay, Baba," Kerubo alisema, akakata simu. Okay si jibu katika lugha yoyote. Bethuel alimwambia Moraa kwamba Ronald apewe shughuli hiyo, suti nayo inampendeza, akaenda kusimama kwenye dirisha akiangalia mji. Moraa alikuja akasimama naye. Alilia Bethuel, bila sauti, na Moraa hakumtania.

Alhamisi alikwenda. Hakuwa na sababu tena ya kwenda isipokuwa kwamba alikuwa ameahidi, na kwamba mama wa kijimbwa angemtafuta. Jua la kiangazi lilikuwa bado juu walipotoka. Walishuka kama kawaida, Gurmit kwenye kiwiko chake cha kushoto. Walipoikaribia kona hatua za Bethuel zikapungua, kama zilivyopungua kila mara, hakuna siku ambayo hazikupungua. Gurmit akauliza juu ya ndizi.

Upande wa pili wa barabara mlango wa gari ukafunguka. Kerubo alivuka bila kukimbia. Alikuwa amekaa garini muda wote, akautazama ule mlango wa baa, ili aone baba yake atapita au ataingia, na badala yake aliona kilemba, kijimbwa, msimamizi mwenye koti begani, na baba yake katikati yao amepunguza mwendo, uso umekaza, lakini anakwenda. Akafika, akaushika mkono wake wa kulia.

"Baba," alisema. Halafu akatafuta maneno, na alipoyapata yalitoka kwa Kiswahili, na lafudhi yote ya Birmingham juu yake. "Sindikiza mimi."

"Wapi, mama?"

"Hapo mbele." Akauvuta mkono karibu. "Na Jumapili ya harusi. Mpaka ndani kabisa."

Gurmit akaachia kile kiwiko cha kushoto, akarudi nyuma hatua chache, akajipanga na wengine, kama mtu anayejua nafasi yake katika harusi. Wakaipita baa hivyo, baba na binti mbele, polepole, Bethuel machozi yakimshuka mbele za watu bila hata ya kisingizio cha kulewa. Kule dirishani wanywaji walidhani ni mazoezi ya harusi. Walisimama wakapiga makofi, na mmoja akamwinulia glasi bwana mwenye kilemba, rafiki yake wa zamani.

"Ronald ameshanunua suti," Bethuel alisema walipofika kituoni, akijifuta uso.

"He can wear it sitting down," Kerubo alisema.

Wakaanza kuagana, kisha Kerubo akamwona Gurmit akitoa simu mfukoni na kugeuka peke yake kuelekea kule walikotoka. Akauliza mzee anakaa wapi. Bethuel alimwonyesha: nyuma ya ukumbi, ng'ambo ya baa. Kerubo aliutazama umbali, akautazama ule mlango wa kona, akafunga koti.

"Mzee, ngoja," aliita, naye akamvuta baba yake. Basi likaja, likasimama, likaondoka, na kituoni hapakuwa na mtu.